Dorkasi wa Yafa na Cherehani Zetu



 Mwezi huu hatutaandika habari za bati za kanisa wala za ahadi ambazo hazijatimizwa, ingawa mtunza hazina wetu angependa sana tufanye hivyo. Twataka kuzungumza nanyi juu ya cherehani, na juu ya wale wanaoshona nguo na mifuko nyumbani mwao, si kwa kuuza, bali kwa sababu mioyo yao inapenda. Wengine mtasema hilo si somo la mahubiri. Tunaomba msome hata hivyo, kwa kuwa tunalo kosa la kuungama mbele yenu, na kosa hilo linahusu cherehani moja.

Tusemapo "sisi" tunamaanisha mchungaji, mwinjilisti na wazee wawili wa kanisa. Tulikuwa pamoja siku ile, na neno lililosemwa na mmoja wetu wengine wote tuliliitikia. Kwa hiyo hakuna wa kujitenga.

Ilikuwa wakati wa Kwaresima, tukitembelea nyumba za Wakristo wetu walioko mlimani. Tulifika kwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia habari hii, kwa sharti kwamba tusitaje jina wala kijiji, basi tutamwita Mwalimu. Karibu na dirisha linalotazama migomba palikuwa na cherehani ya miguu, Singer nyeusi ya zamani, imepakwa mafuta vizuri na kungʼaa. Juu ya kiti palikuwa na rundo la vitu: gauni mbili za wajukuu, foronya, mfuko wa sokoni uliotiwa bitana, na mfuko wa kuhifadhia Biblia wenye kifungo cha mbao. Hapakuwa na kibao getini kusema kwamba hapa pana fundi. Mwalimu si fundi. Kila alasiri, akisha kuwakatia ng'ombe majani na kunawa mikono, huketi hapo mpaka mwanga upungue.

Baada ya chai akatuuliza. Alisema, "Mchungaji, mimi hushona kwa kupenda tu. Siuzi. Wanangu wananiambia kwamba napoteza muda na kuharibu macho. Mungu analionaje jambo hili?"

Ndugu, hilo lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua kama furaha yake ni halali mbele za Mungu. Nasi tulilijibu upesi, kikombe mkononi. Tukamwambia, "Mwalimu, hicho kipaji ni mtaji. Kigeuze kiwe mradi." Mmoja wetu akaongeza mfano wa talanta, yule mtumwa aliyefukia fedha ya bwana wake ardhini. Tukaomba, tukaaga, na tulipokuwa tukiteremka tukajisifu kimoyomoyo kwamba tumemfungulia mama wa watu njia.

Mwalimu akatii, maana ni mtu wa kutii kanisa. Akakopa fedha. Akanunua majora ya kitenge, bitana, zipu na nyuzi, akashona mikoba 60. Akateremka nayo mjini, akapita duka kwa duka. Kila mahali waliisifu kazi, wakaigeuza nje ndani, kisha wakauliza bei, kisha wakairudisha mezani. Marejesho ya mkopo yalikuwa ya kila wiki, na wiki haingojei mikoba iuzwe. Mwezi wa tano akauza mtamba wake. Tulipopanda tena, wakati wa Majilio, tuliikuta cherehani imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake pamewekwa chombo chenye maua ya plastiki. Alitupikia chai kama siku zote, wala hakutulaumu kwa neno lolote. Alisema tu, "Siku hizi sitamani hata kuigusa."

Ndipo tuliporudi kwenye Maandiko Matakatifu, ambako tulipaswa kuanzia.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, kuanzia mstari wa 36, Luka anatupeleka Yafa, mji wa bandari. Anatuonyesha mwanamke mwenye majina mawili, Tabitha kwa Kiaramu na Dorkasi kwa Kiyunani, na yote mawili maana yake ni paa, mnyama wa mwituni. Luka anamwita mwanafunzi. Katika Kiyunani neno hilo limewekwa kwa umbo la kike, na katika Agano Jipya lote umbo hilo linatokea hapa tu. Twajua akina mama wengi waliomfuata Bwana, tena kwa ujasiri kuliko wanaume. Lakini jina hilo, kwa umbo hilo, limewekwa juu ya mwanamke mwenye sindano. Hatusomi kwamba alihubiri. Hatusomi kwamba alikuwa tajiri. Tunasoma kwamba alitenda mema mengi na kutoa sadaka, kisha akaugua, akafa, wakamwosha na kumlaza ghorofani.

Petro alikuwa Lida, mji wa jirani. Wakamwita. Alipofika, wajane walimzunguka wakilia. Hawakumwambia habari ndefu. Walimwonyesha nguo. Kanzu hii, vazi lile, hili nililovaa. Sisi hapa kwetu tumezoea msibani kusomewa historia ya marehemu: alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, alishika cheo fulani. Wajane wa Yafa hawakuwa na karatasi. Historia ya marehemu waliivaa.

Luka anaongeza neno dogo ambalo tulikuwa tukilipita kila mwaka: nguo zile Dorkasi alizishona angali pamoja nao. Pamoja nao. Hakuwa akishona mahali fulani peke yake na kuwapelekea kwa mkono wa mtu. Walikuwa naye. Twaweza kufikiri mmoja akishika ncha ya kitambaa, mwingine akitunga uzi kwa macho yake mabichi, wa tatu akisimulia habari za mumewe aliyefariki, huku kazi ikiendelea. Akina mama mnaosoma mnajua ni mambo gani husemwa mahali kazi ya mkono inapoendelea, ambayo hayasemwi kamwe mtu akikaliwa kitako na mchungaji akaulizwa, "Una shida gani?"

Je, Dorkasi aliuza baadhi ya nguo zake? Maandiko hayasemi. Kushona kwa ajili ya riziki ni kazi ya heshima, na hatutaki fundi hata mmoja wa barazani kule mjini adhani kwamba tunamdharau, hata yule aliyetuambia "njoo kesho" tangu Pasaka. Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, akafanya kazi hiyo Korintho pamoja na Akila na Prisila ili asiwalemee watu. Kosa letu halikuwa kutaja fedha. Kosa letu lilikuwa kwamba tulipoona furaha ya mtu, jambo la kwanza tulilouliza ni, "Italeta shilingi ngapi?" Tena tuliupindua ule mfano wa Bwana. Talanta katika Mathayo 25 ni kipimo cha fedha. Wahubiri tumeigeuza kuwa kipaji cha mikono, nayo si tafsiri mbaya. Lakini kwa Mwalimu tulikichukua kipaji na kukigeuza tena kuwa fedha.

Kazi ambayo mtu huifanya kwa kuipenda tu huitwa kwa majina mbalimbali. Watoto wa shule husema "hobi". Wengine husema pumbao, na neno hilo lina lawama ndani yake, kana kwamba mtu amepumbaa. Lakini someni Kutoka 31. Kabla hema ya kukutania haijajengwa, Mungu anamtaja Bezaleli kwa jina, anasema amemjaza Roho wake, na matunda ya kujazwa huko ni nini? Ni ustadi wa kubuni, wa kukata na kutia nakshi. Na katika sura ya 35 wanakuja wanawake waliosukumwa na mioyo yao, wakasokota nyuzi kwa mikono yao. Hawakulipwa mshahara, wala hatusomi kwamba walishurutishwa. Mioyo iliwasukuma. Basi mtu akiketi alasiri na kitambaa, moyo ukamsukuma kupiga pindo lililonyooka hata ndani ya mfuko ambako hakuna atakayeliona, sisi ni nani hata tukamwambia kwamba anapoteza muda?

Yafaa hapa tukumbuke nguo ilivyopanda mlima huu, maana watoto wetu wanaona vazi kama kitu kilichokuwapo siku zote. Wazee wa kale wa Uchaga walivaa ngozi. Kitambaa kilikuja na misafara kutoka pwani, hasa ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoitwa merikani, kwa sababu ilifumwa katika viwanda vya Marekani. Nguo ilikuwa fedha kabla ya fedha. Johannes Rebmann wa chama cha CMS, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alijua hivyo kwa uchungu: aliporudi mwaka 1849, Mangi Mamkinga wa Machame alimtoza mali yake ya safari karibu yote. CMS hao hao walifungua kituo kwa Mangi Rindi, Old Moshi, mwaka 1885, wakakiacha mwaka 1892, na baada yao wakaja Walutheri wa Leipzig. Ndiyo maana sisi Waanglikana hapa tu kama punje chache katika debe la Walutheri na Wakatoliki. Lakini tusitoke nje ya somo.

Wenye mvi mnaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, nchi haina fedha za kigeni, na viwanda vyetu vya nguo vinakosa vipuri. Kitambaa kilipatikana kwa foleni, na mara nyingine foleni ilipatikana na kitambaa hakikupatikana. Wakati huo nyumba yenye cherehani ilikuwa kama zahanati. Mlileta shati la baba ambalo kola imekwisha, nalo lilifumuliwa, kola ikageuzwa upande wa chini kuwa juu, likashonwa tena, na baba akaenda kanisani. Shuka lililochakaa katikati lilipasuliwa, pande mbili za nje zikaunganishwa, likalaliwa miaka mingine. Hakuna aliyeita kazi hiyo pumbao.

Baadaye biashara ilifunguliwa na mitumba ikamiminika. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipatana kwamba mitumba ipunguzwe mpaka ikome kufikia 2019. Haikukoma. Mkitaka ushahidi pitieni Memorial au Kiboriloni siku ya soko, na msishangae mkitukuta sisi watumishi wenu tumeinama juu ya rundo la makoti. Hatuwezi kuilaani kutoka mimbarani huku tumeivaa. Lakini ni lazima tuseme wazi kwamba mama anayenunua kitambaa kwa mita, uzi na zipu, hawezi kushindana kwa bei na mkoba ulioshuka katika robota. Sisi tuliomshauri Mwalimu tulilijua soko hilo, tulinunua humo, na hatukupiga hesabu hiyo kwa ajili yake.

Ilipofika Juni 1, 2019 na mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini, kulikuwa na majuma machache ya furaha. Watu walitafuta vikapu vya bibi zao darini. Akina mama walishona mifuko ya masalio ya vitenge na ya viroba vya sukari vilivyooshwa, wakaitia vishikio viwili imara, na mfuko mmoja ukabeba ndizi, viazi na lita ya mafuta bila kulalamika. Kisha ikaja ile mifuko mbadala ya viwandani, laini, ya bei ndogo, na watu wakasahau tena. Ila katika nyumba kadhaa za parishi hii mfuko wa mwaka 2019 bado unaning'inia nyuma ya mlango wa jiko. Tumeuona. Umefuliwa hata maua ya kitenge yamefifia, na mishono haijaachia.

Nabii Hagai, katika sura yake ya kwanza, anawasema watu wanaopata ujira na kuutia katika mfuko uliotoboka. Tulipokuwa tukiandika hotuba hii tulisoma mstari huo wa 6 zaidi ya mara moja. Mwalimu alishona mikoba 60 isiyo na tundu hata moja, na fedha zake zikavuja zote. Aliyeutoboa mfuko wake ni sisi.

Sasa tuseme habari ya kupima, maana hapo ndipo tuliona jambo ambalo hatukulitegemea. Mtu anayeshona dukani kwa ajili ya watu asiowajua hushona saizi: ndogo, ya kati, kubwa. Anayeshona nyumbani hupima mtu. Huchukua futi, humwambia, "Nyoosha mikono," humzunguka kifua, hupima kutoka bega hadi kiwiko. Kwa dakika chache mtu huyo huwa karibu naye kuliko alivyo daktari. Hujua kwamba bega moja la bibi limeshuka kwa sababu ya kubeba majani miaka 40. Hujua kwamba mtoto wa jirani amekonda tangu mwezi jana. Hawezi kumpima mtu kwa kusimama mbali.

Na tazameni Hana, katika 1 Samweli, sura ya 2, mstari wa 19. Amemtoa mwanawe Samweli akae hekaluni Shilo, na kila mwaka anapopanda kutoa dhabihu anampelekea kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe. Kila mwaka. Sisi wanaume tunausoma mstari huo tukiona upendo wa mama, basi. Mwanamke anayeshona anauona ugumu. Mtoto hayuko nyumbani. Atapimwaje? Hana alipaswa kukaa na kitambaa chake akakisia: mwaka jana alinifika hapa, watoto wa rika lake mtaani wamekua kiasi hiki, labda niongeze vidole vinne, na pindo niliache pana ili literemshwe. Kanzu yote ilikuwa ni sala ya kukisia.

Bibi zetu wa Marangu, Kibosho na Rombo wanaijua sala hiyo. Wajukuu wako Dar es Salaam na Mwanza. Mwezi wa kumi na moja bibi anatoa kitambaa sandukuni, anafumba macho, anaweka kiganja hewani: alikuwa urefu huu Krismasi iliyopita. Anakata. Desemba magari yanapanda mlima, watoto wanashuka, na gauni linakuwa fupi. Limekuwa fupi kila mwaka! Bibi anacheka, anashika mkasi, anateremsha pindo alilokuwa ameliacha pana kwa hila, na mtoto anakwenda kanisani asubuhi ya Krismasi na mstari wa pindo la zamani ukionekana kidogo kwenye marinda. Baadhi yetu tuliwahi kuwa mtoto huyo. Tulionea haya mstari ule mbele ya binamu waliovaa nguo za dukani. Leo tungetoa kitu kikubwa ili tuuone tena.

Hapa parishi yetu ina kazi ambayo haihitaji mkopo. Tangu Januari 2016 shule za serikali za msingi na sekondari mpaka kidato cha nne hazitozi ada, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini sare hununuliwa na mzazi, na kila Januari wako watoto wanaokaa nyuma darasani ili kaptura isionekane kwa nyuma. Kaptura ile inahitaji kiraka chenye rangi moja nayo na dakika 20 za mtu mwenye sindano. Lipo na jambo jingine ambalo wachungaji wanaume huona haya kulitaja, na haya hiyo haijamsaidia binti yeyote. Wako mabinti wanaokosa masomo siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa cha kujihifadhia. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha, kwa kuwa bei madukani haikushuka. Taulo za kitambaa, za pamba na flana, zinazofuliwa na kuanikwa juani, hushonwa nyumbani kwa cherehani ya kawaida. Tumewauliza Umoja wa Mama, nao wakatutazama kwa huruma, wakasema kwamba wanajua kuzishona tangu zamani, ila hakuna aliyewauliza.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi sasa kwamba Mwalimu na wenzake wakusanywe, wapangiwe zamu na kuagizwa kushona sare za parishi nzima. Hilo lingekuwa kosa lile lile kwa mlango mwingine: jana tuligeuza furaha yake kuwa mradi, leo tuigeuze kuwa kamati. Dorkasi hakupangiwa zamu. Tunachosema ni kwamba mwenye kupenda kushona aachwe apende, na aliye na haja ajue mlango wa kugonga, na sisi wengine tukae kimya kidogo.

Kuhusu deni lililobaki. Halmashauri ya parishi ilikuwa na moyo mwema ikapendekeza lilipwe kwa sadaka maalumu. Tumekataa. Waliotoa ushauri ndio watakaolipa, watu wanne, kila mmoja kutoka mfukoni mwake, na kazi hiyo imekwisha kuanza. Ile mikoba iliyobaki, nayo ni 41, Mwalimu hataki kuiona sandukuni. Amesema wachukue watoto wanaokwenda shule Januari na madaftari yao katika salfeti. Tumemwomba atupe kwanza nafasi ya kulipa gharama ya kitambaa. Bado tunabishana naye, na kwa kuwa alikuwa mwalimu miaka mingi, anaelekea kushinda.

Tulipanda kwake mwezi uliopita ili kumwomba radhi. Kwa desturi ya mlimani, aombaye msamaha hubeba jani la isale, na mzee mmoja wa kanisa alilikata ukingoni mwa kihamba chake akalishika njia nzima. Kama yupo anayeona kwamba hiyo ni mila isiyofaa kubebwa na wazee wa kanisa, aje tuzungumze. Sisi tuliona ni lugha ambayo Mwalimu angeielewa bila hotuba, na hotuba tulikwisha kumpa ya kutosha.

Alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akaenda kwenye cherehani, akayatoa yale maua ya plastiki katika chombo, akaliweka jani la isale humo, akakihamishia chombo dirishani. Kitambaa cheupe akakikunja. Tulidhani ataketi kushona, tukaanza kutabasamu. Akatutazama kama mtazamo wa darasani, akasema, "Msifurahi bado. Ukanda umekauka na kukatika. Cherehani hii haitembei."

Ukanda mpya wa ngozi umekwisha kununuliwa mjini, na mzee wetu ataupeleka Jumamosi hii. Mwalimu anasema akina mama watakaopenda kufuatana naye alasiri hiyo wanakaribishwa, wabebe mkasi wao wenyewe, kwa sababu wa kwake hauazimwi. Vifungo vya mashati yaliyochakaa msivitupe, anavitaka. Wanaume nao waweza kwenda, mradi wajue kutunga uzi kwenye sindano, na yeye mwenyewe atawajaribu mlangoni.